Nilivyomkimbia Baba Mkwe Migombani

Kiseke, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine umfikishie baba kabla hajawasha redio yake, kwa kuwa ikishawashwa salamu zangu zitangoja mpaka taarifa ya habari iishe. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Lusajo alinieleza kwamba ukungu wa mwaka huu umekuwa mzito na kwamba ng'ombe amezaa salama. Hakuniambia kama ni ndama dume au jike. Unamjua mdogo wangu, habari zake huwa nusu. Mimi ni mzima. Kazi ya maabara inaendelea vilevile: tunaletewa maji ya ziwa katika chupa, nami nayapima na kuandika yamebeba nini. Jioni narudi Kiseke, nakaa barazani, nasikiliza mbwa wa majirani wakibishana.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Lakini simu yako, mama, huipokei peke yako. Unaiweka sauti ya juu, ukumbi mzima unanisikiliza, na shangazi anakuwa wa kwanza kujibu. Haya ninayoandika ni ya macho yako kwanza. Yanahusu safari niliyofanya na marafiki, na jambo nililotenda njiani ambalo limeisimamisha posa ya Muganyizi. Mshenga wao alikuwa aje kwenu mavuno ya kahawa yakiisha. Sasa hatoki mpaka utakapojibu swali ambalo nitalifikia. Nivumilie nikianzia mbali; sioni namna ya kulieleza kosa bila kueleza njia iliyolizaa.

Tuliondoka wanne. Rafiki yangu Kabula wa hapa kazini, Msukuma wa Igoma, ambaye umewahi kusikia kicheko chake kwenye simu ukaniuliza kama kuna harusi. Mumewe Magesa, Mjita wa Musoma, fundi wa injini za boti, ambaye gari lilikuwa lake. Muganyizi. Nami. Tulikubaliana tuzunguke kwanza siku mbili katika vilima na maziwa ya Muleba, kwa raha tu, kisha siku ya tatu tuingie rasmi nyumbani kwa kina Muganyizi, juu huko Kamachumu, wazazi wake wanione. Kitenge cha siku hiyo nilikuwa nimekikunja vizuri kwenye mkoba, pamoja na maneno niliyokusudia kuyasema.

Tulitoka kungali na giza. Mawe makubwa ya Mwanza, yale yaliyopandana vilimani kama yanasikilizana siri, yalikuwa meusi bado. Daraja la Kigongo tulilivuka jua likichomoza. Magesa alisema zamani hapo watu walingoja kivuko wakitafuna mahindi ya kuchoma, na safari ilikuwa na mahali pa kupumulia. Siku hizi unapita juu ya maji kama wazo linavyopita kichwani, hujui lilianzia wapi. Tukaiacha Sengerema, tukavipita vilima vya Geita, vingine vimechimbwa, vingine vimeachwa na miti yake. Chato ziwa likatujia upande wa kulia, likaondoka, likarudi. Baada ya hapo ni msitu mrefu na barabara iliyonyooka, na watu wote garini tukanyamaza bila kuambiana.

Sijui kama umewahi kusafiri ukiwa macho huku umelala. Mimi nilikuwa hivyo. Niliona kila kitu na sikushika chochote: mwanamke aliyetandaza mihogo juu ya jabali, mbuzi mweupe peke yake kwenye kichuguu, wingu moja lililotufuata kama linatudai kitu.

Asubuhi ya pili Muganyizi alituongoza nje ya lami, tukapanda kilima kwa barabara ya changarawe mpaka gari likaanza kukohoa. Tukashuka na kumalizia kwa miguu. Juu kabisa, ukitazama mashariki unaliona Ziwa Victoria limelala chini ya majabali, pana, lisilo na ng'ambo. Ukigeuka magharibi, mbali, nyuma ya migongo ya vilima, kuna uzi mrefu wa fedha: Ziwa Burigi. Maziwa mawili, na sisi katikati, juu ya nyasi zinazolala na kuinuka kwa upepo.

"Shemeji," Kabula akamwambia Muganyizi, "na hili la pili nalo ni lenu? Maana tangu jana kila kitu ni chenu. Kilima chenu, ndizi zenu, hata mvua umesema ni ya kwenu."

"Ziwa letu, mawe yenu," Muganyizi akajibu. "Kila mtu alipewa alichoweza kukitunza."

"Mhaya huyu! Akifa ataandika mwenyewe wasifu wake."

"Na ataandika kwa Kiingereza," akaongeza Magesa, na tukacheka mpaka tukakaa chini.

Mimi nilicheka nao, mama, lakini nilikuwa natazama rangi ya udongo. Ulikuwa mwekundu uleule wa kwetu. Tuliposhuka na kuanza kupanda kuelekea Kamachumu, kutazama tu njia ya kesho, ukungu ukateremka, na pande zote mbili za njia ikaanza migomba: mirefu, mizito, majani yake yakidondosha maji, nyumba zimejificha ndani yake na moshi ukitokea juu. Nikasahau. Nasema nikasahau kwa kukosa neno jingine. Ile haikuwa Kagera tena, ilikuwa Rungwe; nilikuwa nategemea kona inayofuata itanionyesha kanisa letu na bonde la chai. Mwanza, maabara, shahada yangu, yote yalikuwa ndoto niliyoiota nikiwa njiani kutoka shule.

Magesa alisimamisha gari ili injini ipoe. Tukashuka, tukasimama kwenye kijia kilichokatiza migombani. Muganyizi alikuwa akimwonyesha Kabula miti ya kahawa iliyopandwa chini ya kivuli cha ndizi. Ndipo kwenye kona ya kijia akatokea mzee mrefu, kofia kichwani, fimbo mkononi, anatembea polepole akitazama chini.

Muganyizi akasema kwa furaha ya mtoto, "Ah! Baba huyo!"

Mama, nilikimbia.

Sikufikiri. Miguu iliacha njia kabla akili haijafika. Nilijikuta ndani ya migomba, nimechutama nyuma ya shina, mgongo nimeugeuzia njia, kitambaa cha kichwani nimekishusha usoni. Uliwahi kunifundisha hayo? Sikumbuki hata siku moja umenikalisha ukaniambia, "Tusekile, ukiolewa, baba mkwe hutazamani naye uso kwa uso, unampisha." Nilichonacho ni picha tu: wewe na ndoo kichwani, babu anatokea kwa mbali, nawe unazama migombani kwa jirani yetu Baba Kasimba na maji hayamwagiki. Jumapili babu anatoka kanisani kwa mlango wa mbele, wewe kwa mlango wa nyuma. Mzee mwingine yeyote ulimpigia goti. Yeye peke yake ulimkimbia, na sisi watoto tulijua kwamba hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote.

Lakini kwa Wahaya, mama, binti akimkuta mzee njiani hupiga goti papo hapo na kumsalimu, na akiwa mkwe mtarajiwa hupiga magoti yote mawili. Mzee alikuwa amesimama anangoja. Kutoka nilipojificha niliona ndara zake na ncha ya fimbo. Vilikaa pale kwa muda ambao hata Kabula hakusema neno, nawe ukimjua utajua ulikuwa mrefu.

Hatimaye mzee akauliza, "Mwanangu, yule ndiye mchumba, au ni swala?"

"Baba, ni... nadhani ameona kitu."

"Ameniona mimi."

"Shikamoo mzee," Kabula akajaribu, nikasikia magoti yake yakigusa majani makavu. "Mwenzetu tumbo limemsumbua tangu Muleba."

"Tumbo halikimbii hivyo, binti. Marahaba." Kisha kwa Muganyizi, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza: "Mtu humkimbia aliyemkosea, na huyu mimi sijamkosea bado. Hebu nifikirie." Ndara zikageuka, zikaondoka.

Hapa nitakuambia jambo ambalo sikumwambia hata Muganyizi. Nilipokuwa pale chini, nikinusa udongo wenye maji na majani yanayooza, nilikuwa nimetulia kuliko nilivyowahi kutulia tangu nihamie huku. Nilitamani wasiniite. Sasa najiuliza kama ile ilikuwa heshima kweli, au nilikuwa nimepata kipande cha nyumbani nikakikumbatia, na mzee wa watu akawa kisingizio tu. Sijui. Kila nikishika jibu moja, lile jingine linaonekana la kweli zaidi.

Garini hakuna aliyecheka. Muganyizi alitazama mbele.

"Ungepiga goti tu, Tuse. Mara moja tu."

"Sikumdharau. Kwetu ile ndiyo heshima."

"Heshima gani inayokimbia?"

"Na ya kwenu je, inayomkodolea macho mkwe kama inamnunua?"

"Jamani," akasema Magesa kutoka kwenye usukani, "kwetu Wajita tungekuwa tumeshakula samaki, tumesameheana."

"Wewe endesha," Kabula akamwambia. Kisha akanigeukia, akanishika mkono. "Lakini shoga yangu, una mbio. Sikujua."

Usiku ule, kwenye nyumba ya wageni tulikofikia, nililala kidogo. Nilifika chuo, nikasoma, na hata niliwahi kusimama mbele ya darasa nikisema kwamba desturi ya kumkwepa baba mkwe ni mzigo aliotwikwa mwanamke wa Kinyakyusa. Nilishangiliwa. Sasa miguu yangu ilikuwa imesema kinyume mbele ya mashahidi, na Muganyizi alikuwa na haki ya kuuliza ni yupi kati ya hao Tusekile wawili anayetaka kumwoa. Nilifikiria kurudi Mwanza alfajiri. Nilifikiria pia kwamba mtu hawezi kukimbia mara mbili na bado akaiita heshima.

Kwa hiyo siku ya tatu tulikwenda. Mama yake Muganyizi alitupokea uani. Mwanamke mfupi, mchangamfu, mikono yake inanuka moshi na kahawa. Nilimpigia magoti, akaninyanyua haraka, akanipangusa vumbi kama mtoto. Ndani walikuwa wametandika nyasi laini sakafuni kwa ajili yetu, na kijikapu cha kahawa ya kutafuna kimewekwa katikati. Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Niliingia nikiinamisha macho, nikapiga magoti kwenye nyasi.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia mara moja.

"Nimeishi miaka mingi," akasema. "Sijawahi kukimbiwa na kiumbe chochote isipokuwa kuku wa Krismasi. Jana nilirudi nyumbani nikamwuliza huyu mama: je, ninanuka?"

"Nikamwambia ndiyo," mama akasema, "lakini hiyo haikuwa sababu."

Kabula akakohoa kuficha kicheko. Mimi nikaanza kueleza. Yale maneno niliyoyapanga yalinipotea yote, nikabaki na ya ukweli. Nilimweleza kuhusu wewe na ndoo, na babu mliyeishi naye kiwanja kimoja mpaka akafa. Nilimweleza kwamba kwetu baba mkwe huguna kwa mbali akikaribia, ili mke wa mwanawe apate nafasi ya kupisha. Kwamba hawali chungu kimoja, na jina lake mkwe halitamki. Nikasema kwamba jana sikukusudia, kwamba nilidhani mambo hayo nimeyaacha, na kwamba kama nilimvunjia heshima mbele ya mwanawe, nilifanya hivyo kwa kumpa heshima kubwa niliyonayo. Nikaomba radhi kwa yale asiyoyajua na kwa yale nisiyoyajua mimi.

Wa kwanza kunijibu alikuwa mama mwenye nyumba, akishangaa kwa Kihaya.

"Ee waitu! Kumbe kuna nchi ya namna hiyo? Na mimi sikuolewa huko?" Akamgeukia mumewe. "Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akifunua mpaka masufuria yangu. Akiingia jikoni, napiga goti. Akitoka, napiga goti. Akirudi kuangalia kama chumvi imetosha, napiga goti. Magoti haya unayosema yameharibiwa na kilimo, yameharibiwa na baba yako. Ningepata pa kukimbilia, ningekimbia mpaka ziwani."

Wote wakacheka, mzee pia, kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini nilimwona akiwaza. Aliokota punje za kahawa, akazihesabu kiganjani bila kuzila.

"Binti," akasema, "Marahaba." Akanipa punje moja, nikaipokea kwa mikono miwili. "Sikuchukii. Mtu anayekimbia kwa heshima ni afadhali kuliko anayepiga goti kwa unafiki. Lakini nisikilize. Mimi nina mtoto mmoja tu wa kiume. Nilitamani kumwona anayempikia. Nilitamani niketi naye hapa, nimwulize habari za maji anayopima. Kama utanipisha maisha yako yote, nitakuwa na mkwe kama watu walivyo na mwezi: upo, lakini huongei nao. Na nikikulazimisha upige goti, huenda nitakuwa na mwili wako hapa kwenye nyasi, na wewe mwenyewe utakuwa bado kule migombani."

Muganyizi akasema, "Baba, hayo tutayapanga wenyewe, ni ya zamani..."

"Nyamaza. Miguu yake haikujua kwamba ni ya zamani." Akanitazama tena. "Kuna mtu mmoja anayejua njia hii inafika wapi. Mama yako ameitembea. Mwulize: baba mkwe wake aliishi naye kiwanja kimoja mpaka akafa, nao hawakuonana uso. Je, kuna kitu alikikosa? Akijibu, mshenga wangu atatoka, naye ataniombea kwenu mkwe wa kuonana naye au mkwe wa kugunia. Vyote viwili nitaweza kuvizoea. Nisichoweza ni kutokujua ninaomba nini."

Hilo ndilo swali, mama.

Tulirudi siku ile ile. Ziwa lilikuwa upande wa kushoto sasa, na jua linazama nyuma ya vilima likiyapaka maji rangi ya shaba. Muganyizi alinishika mkono kwa mara ya kwanza tangu kijia kile. Akasema polepole, ili wa mbele wasisikie, "Mimi sikujua ulikuwa umebeba yote hayo. Nilidhani nimemchumbia mtaalamu wa maji." Nikamwambia hata mimi nilidhani hivyo. Vilima vilikuwa vinafifia kimoja kimoja nyuma yetu, kama mtu anayezima taa vyumbani akielekea kulala, na nilijua nataka kuolewa naye. Hilo peke yake, katika barua hii yote, silitilii shaka.

Nakuomba usinijibu kama mzazi anayetaka mwanawe aolewe. Wala usinijibu kama yule mwanamke niliyemsimulia darasani, aliyetwikwa mzigo, inawezekana nilimbuni. Babu alipofariki, nakumbuka ulisimama nyuma kabisa ya waombolezaji, na walipofunua jeneza watu wamuage, wewe hukupita. Nilikuwa mdogo, nikadhani hukumpenda. Baadaye nilikukuta nyuma ya jiko unalia kwa namna ambayo sijawahi kukuona ukilia. Sikukuuliza. Nakuuliza leo.

Nisalimie baba, na umwambie kwamba mzee wa Kamachumu naye husikiliza redio, watapatana au watagombana kuhusu kituo. Nisalimie shangazi Tumpe, malkia wa simu yako, na umwambie kwamba nimemletea kahawa ya kutafuna, aache kununa kwamba barua hii hakusomewa. Mjomba Ipyana, fundi wetu wa mabati, nampa pole ya mguu. Asipande paa mpaka upone. Lusajo mwambie aniandikie jinsia ya ndama. Na bibi, mama yake baba, mpe mkono kwa niaba yangu kwa mikono miwili, umwambie mjukuu wake hajasahau kuchutama.

Jibu lako mpe dereva wa basi la Mbeya anayekuja huku, Kabula atalipokea stendi. Liandike wewe mwenyewe, hata kwa penseli, hata kama ni mstari mmoja. Nitalipeleka Kamachumu bila kuongeza wala kupunguza neno. Kwa mzee andika utakaloona unaweza kumwambia mgeni. Kwangu andika pembeni hili moja, ambalo mama yake Muganyizi alinitia moyoni na haliniachi: miaka yote ile ulipozama migombani na ndoo yako kichwani, ulikuwa ukimkimbia babu, mama, au ulikuwa ukipumzika?

Mimi binti yako akupendaye,

Tusekile